Tairi ya lori: meno bado yapo lakini imeshakufa

Kila mwenye lori Mombasa hii huuliza swali moja, tairi inakaa kilomita ngapi. Na majibu hayakosi, wewe kaa kidogo tu pale Changamwe kwa mafundi wa pancha, huyu atakwambia elfu sitini, yule atakwambia laki na nusu, mwengine atakuapia kabisa kwamba ana tairi yaenda Kampala na kurudi tangu mwaka juzi na bado iko barabarani. Na huenda wote wasema kweli. Shida iko kwa swali lenyewe, sababu linahesabu kilomita na tairi haifi kwa kilomita.

Tairi ina hesabu tatu zinazokwenda kwa pamoja na kila moja yaisha kwa wakati wake. Kuna meno, yaani ile michoro ya mpira inayogusa lami, kuna kesingi, yaani ule mwili wa tairi na waya zake za ndani, na kuna umri. Watu wengi huangalia meno peke yake sababu ndo yanayoonekana, alafu washangaa tairi yenye meno mazuri kabisa imepasuka Maungu mchana kweupe na gari haina hata mzigo wa kuzidi.

Tuanze na meno manake hayo ndo rahisi. Tairi mpya ya mbele huwa na meno ya kina cha milimita 14 mpaka 16 hivi, ya difu, yaani ile ya nyuma ya kichwa cha lori, huja na 18 mpaka 22 sababu hiyo ndo inayosukuma, na ya trela huwa chini kidogo, 12 mpaka 15. Ndani ya mifereji kuna vigingi vidogo vya mpira vimeinuka, ukiona meno yamelingana na vile vigingi basi umefika milimita 1.6 na hapo tairi ni kipara kisheria nchi nyingi. Marekani wao wana namba mbili, tairi za mbele za lori mwisho ni milimita 3.2, zengine 1.6. Lakini hizo namba za sheria ni za kukutenga na makosa tu, mtu akisubiri mpaka afike kwenye kigingi amechelewa zamani, sababu meno yakipungua hivo pancha huongezeka, msumari mdogo ambao mwanzo ungeishia kwenye mpira sasa wafika mpaka kwa waya, na mvua ya mwezi wa Tano ikikukuta unateremka Mazeras na mzigo utajua kazi ya ile mifereji ni nini. Mimi naona ya mbele ikishuka 4 itoke, ya nyuma isipite 3, na kama unataka kuipeleka ikavikwe mpira mpya basi itoe mapema zaidi, kwenye 4 au 5 hivi, ndo kesingi ifike kiwandani ikiwa bado nzima.

Sasa hapo ndo kilomita zaingia, na ni kwa hesabu yako wewe mwenyewe, usichukue ya jirani. Nunua geji ya kupimia meno, si kitu cha bei, pima tairi siku inafungwa uandike pamoja na kilomita za gari, alafu pima tena baada ya safari kadhaa. Tuseme ya difu ilikuwa 20 na baada ya kilomita 30,000 imebaki 17. Hapo yala milimita moja kila kilomita 10,000, na wewe unataka kuitoa kwenye 4, kwa hivo imebakisha kama kilomita 130,000 mambo yakienda vile vile. Ukipima tena ukakuta yala milimita mbili badala ya moja wajua kuna kitu, upepo au alaimenti au dereva mpya, na umejua kabla tairi haijaisha. Pima sehemu tatu, kushoto, katikati na kulia, sababu vile inavyoliwa ndo inavyokwambia ugonjwa. Ikiliwa mabega yote mawili imekimbizwa na upepo mdogo, ikiliwa katikati upepo umezidi, ikiliwa bega moja angalia alaimenti, yaani magurudumu yamenyooka au la, au kingpini, ile pini gurudumu la mbele linapogeukia, na ikiwa na mabonde mabonde mzunguko wote basi tafuta shokamzoba au beringi kabla hujatafuta duka la tairi. Kuvalisha tairi mpya juu ya beringi mbovu ni kutupa pesa baharini.

Na gari moja haina umri mmoja wa tairi. Hebu soma ubavuni kwenye tairi ya 315/80R22.5, hii inayojaa kwenye malori yetu, nyingi zimeandikwa 156/150 na herufi. Hizo namba ni za uzito: 156 maana yake kilo 4,000 ikifungwa peke yake, 150 ni kilo 3,350 zikifungwa mbili mbili, na herufi ni mwendo, L ni kilomita 120 kwa saa, K ni 110. Sasa chukua sheria ya mizani ya Afrika Mashariki, hii hii wanayokupimia Mariakani. Ekseli ya mbele yenye tairi mbili imeruhusiwa tani 8. Gawanya, ni kilo 4,000 kila tairi, yaani ukijaza mpaka mwisho wa sheria tairi ya mbele iko ukingoni mwa nguvu yake haina hata kilo moja ya akiba, na hiyo ni kama ina upepo wake kamili wa paundi 120 hivi. Nyuma kwa karatasi kuna nafasi, ekseli mbili za difu zabeba tani 18 kwa tairi nane, ni kilo 2,250 kila moja, na ekseli tatu za trela ni tani 24 kwa tairi kumi na mbili, kilo 2,000. Ndo maana watu huchezea za nyuma.

Lakini angalia pacha, yaani zile mbili zilizofungwa pamoja, moja ikikosa upepo. Ile mwenzake inachukua mzigo wa mbili, kwa difu ni kilo 4,500 kwa tairi ambayo peke yake mwisho wake ni 4,000. Na dereva hasikii kitu, gari haiyumbi, ile ya ndani imekaa tu imeegemea mwenzake, mpaka mtu ashuke. Mwafika Voi mwaona pancha, mwaziba, mwaendelea, na ile iliyobeba mzigo wa watu wawili kutoka Mackinnon Road hakuna aliyeigusa sababu ina upepo na meno yake yako sawa. Wiki tatu baadaye inapasuka Sultan Hamud na watu wasema tairi za siku hizi ni feki. Mimi sikatai kwamba feki zipo lakini nyingi zilizolaumiwa ziliuliwa na mwenzake.

Kwa hivo pacha zikifungwa zilingane. Ukiweka mpya na nusu kipara pamoja, ile mpya ni kubwa kwa hivo ndo inabeba, na ile ndogo inaburutwa sababu zote mbili zazunguka mara sawa sawa lakini moja yataka kwenda mbali zaidi. Tofauti ya meno ikizidi milimita 3 tafuta pacha mwengine.

Za trela nazo zina kifo chao na Mombasa ndo penyewe. Trela ya ekseli tatu ikikatwa kona kali, ile ekseli ya katikati ndo yageuka vizuri, ya mbele na ya nyuma zasuguliwa ubavu ubavu. Sasa fikiria lori linavyozungushwa kwenye yadi za kontena huku Miritini na Port Reitz, rivasi, kata, rivasi tena, juu ya zege au kokoto, na mzigo umekaa juu. Kilomita hazisomi hata moja kwenye dashibodi na mpira umebaki chini mweusi ushauona mwenyewe. Mwenye gari anayefanya kazi za mjini tu, bandarini kwenda yadi kurudi bandarini, asijilinganishe na wa Malaba, kule mpakani na Uganda, hata kidogo. Yule wa Malaba ana barabara ndefu iliyonyooka, huyu wa mjini ana kona, foleni, na kokoto inayokwama katikati ya pacha.

Alafu kuna safari ya kurudi. Mizigo mingi hupanda bara, malori mengi hushuka na kontena tupu au bila kitu. Upepo uliotiwa wa tani 24 sasa wabeba chuma kitupu, tairi imekuwa ngumu yagusa lami kwa katikati tu, trela yarukaruka, dereva akikanyaga breki magurudumu yanajifunga na kuburuta. Hapo ndo vile vipande vilivyolika bapa hutoka, unaona sehemu moja imekuwa bapa na kwengine meno yako. Hakuna atakayetoa upepo Nairobi aujaze tena Kibarani, hilo najua, lakini dereva mpole njia ya kurudi ana thamani ya tairi kadhaa kwa mwaka.

Haya, kesingi, na hapa ndo kiini chenyewe. Tairi ya ukubwa huu huzunguka karibu mara 300 kila kilomita. Kutoka hapa mpaka Nairobi ni kilomita 480 na kitu, yaani zaidi ya mizunguko 140,000 kwa safari moja tu ya kupanda, na kila mzunguko ubavu unajikunja pale inapogusa lami na kujikunjua ikitoka. Kujikunja huko ndo kunaleta joto. Ikiwa na upepo kamili inajikunja kidogo, joto linatoka, maisha yanaendelea. Upepo ukiwa mdogo inajikunja sana, joto linajaa ndani kuliko linavyotoka, mpira unaanza kuachana na waya, na waya zenyewe zinachoka, chukua waya wa kawaida uukunje na kuukunjua mkononi utaona mwisho wake. Ongeza sasa jua la Taru saa nane mchana na mwendo uliozidi ile kilomita 80 kwa saa iliyowekwa kwa magari makubwa, wajipikia tairi.

Kanuni ya watu wa tairi duniani ni kwamba tairi iliyoendeshwa ikiwa imepungukiwa upepo kwa asilimia 20 ihesabiwe ni pancha. Yaani kama yako ni ya paundi 110, ikifika 88 hiyo si ya kuongezewa ukaondoka, ni ya kufunguliwa iangaliwe ndani. Na hapa sasa niseme kuhusu ule mchezo wa taniboi, msaidizi wa dereva, kugonga tairi na chuma akisikiliza. Kugonga kutakwambia iliyokufa kabisa, lakini 110 na 85 zalia karibu sawa, na baina ya hizo mbili ndo tairi zinakufa. Geji ya upepo ni lazima. Na upime asubuhi gari ikiwa imelala, masaa matatu angalau, sababu ikiwa moto upepo hupanda wenyewe paundi 15 au hata 20, na mtu anayepima Mtito Andei tairi ikiwaka moto akaona 130 akautoa, ameipunguzia upepo kwa mkono wake, ikipoa itakuwa chini. Tena vali ziwe na kofia. Chumvi ya hewa ya hapa pwani inakula chuma cha vali na ukingo wa rimu taratibu, upepo unatoka kidogo kidogo na wewe wadhani ni msumari.

Kuna hatari nyengine kwenye hii habari ya upepo mdogo na hii yawahusu mafundi wa pancha wa barabarani zaidi. Tairi ya waya iliyoendeshwa bila upepo, waya za ubavuni zikishakatika kidogo kwa ndani, ukiijaza inafunguka ubavu wote kwa mpigo mmoja kama zipu, na ule upepo wa paundi mia na zaidi wote unatoka upande mmoja. Fundi akiwa ameiinamia hana bahati. Yatakiwa ijazwe ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu wa upepo unaojishika wenyewe kwenye vali, mtu akiwa kando si mbele ya ubavu. Ukisikia tatata ndani wakati yajaa, au ukiona ubavu una mawimbi, funga kompresa usiongeze hata paundi moja, na usiisogelee mpaka upepo uishe kabisa. Hiyo ishakwisha hata kama meno ni milimita 15.

Umri sasa. Ubavuni kuna maandishi yanaanza na DOT na mwisho wake kuna namba nne, mara nyengine zimeandikwa upande mmoja tu kwa hivo huenda ikabidi uingie chini ya gari na tochi. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta namba tatu badala ya nne hiyo ni ya kabla ya mwaka 2000, hata usiulize bei. Mpira hukauka, hewa na jua na joto vinaumaliza hata kama tairi haifanyi kazi, utaona vinyufa vidogo vidogo ubavuni na katikati ya meno. Kampuni kadhaa za tairi husema ikipita miaka 5 iwe yakaguliwa na mtu anayejua angalau mara moja kwa mwaka, na ikifika 10 itoke tu bila kujali inavyoonekana.

Uingereza walijifunza hili kwa vifo. Mwaka 2012 basi lililokuwa linarudisha watu kutoka tamasha la muziki lilipasuka tairi ya mbele kwenye barabara ya A3 huko Surrey, watu watatu wakafariki. Ile tairi ilikuwa na meno ya kutosha kisheria, ila ilikuwa na umri wa miaka 19. Kuanzia tarehe 1 Februari 2021 wakapiga marufuku tairi ya zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli za mbele za malori na mabasi. Kwa hivo mtu akikuuzia tairi ya mtumba akikwambia ona meno haya, wewe mwambie asante, nataka kuona namba. Na kama ile namba imekwanguliwa jibu ushapewa.

Retredi, hizi zilizovikwa mpira mpya, zina jina baya kuliko zinavyostahili. Watu wakiona vile vipande vyeusi vimetapakaa barabara yote kuanzia Samburu wasema retredi hizo. Taasisi ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa uchunguzi 2008 wa vipande kama hivyo vilivyookotwa kwenye barabara zao, wakakuta vya tairi za kwanza na vya retredi viko kwa uwiano karibu sawa na vile tairi zenyewe zinavyotumika, na kilichoziua zaidi ni vitu vya barabarani na joto. Hata ndege hutua na retredi kila siku. Ila retredi nzuri yategemea kesingi nzuri, na umri wa kesingi hauanzi upya eti kwa sababu imevikwa nguo mpya, ile DOT ya zamani ndo yake. Mbele mimi siweki, hapo hapana akiba kama tulivyoona kwa hesabu ya mizani, ikipasuka stelingi inaondoka na wewe. Trela na difu sawa.

Kuchonga ni habari nyengine. Kuna tairi zimeandikwa ubavuni REGROOVABLE, hizo kampuni imeacha unene wa mpira chini ya mifereji ndo mtu achonge tena apate milimita 2 au 3 za ziada, na kuna kina maalum. Ile ya kipara kuchongwa na kisu cha moto kando ya barabara mpaka waya ziko karibu kuonekana, ikapakwa rangi nyeusi ing'ae, hiyo ni ya kumdanganya askari tu.

Na bei pia yahesabiwa kwa kilomita. Tuseme moja ni shilingi 60,000 na yakupeleka kilomita 150,000, hiyo ni senti 40 kwa kilomita. Nyengine ni 35,000 lakini yaisha kwenye 60,000, hiyo ni senti 58. Ile rahisi ndo ghali, na hujahesabu bado gari kulala Emali siku nzima na mwenye kontena akipiga simu. Ila hesabu hii yafanya kazi kama waandika, asiyeandika hununua kila mara ile rahisi.

Mwisho angalia spea. Ile iliyofungwa chini ya trela, imejaa matope, hakuna anayekumbuka ilifungwa lini, mara nyingi ndo tairi nzee kuliko zote kwenye gari, na ndo utakayoifunga usiku Taru gari ikiwa imejaa. Ishushe wakati una nafasi, uisafishe, usome namba, uitie upepo. Ikiwa imepita miaka yake ibadilishe hata kama meno yake hayajawahi kugusa lami.